Mistari Mitatu Katika Kompyuta ya Koboko

Tulimzika Mwalimu Candia kwao Aroi, Jumamosi moja baada ya mvua ya asubuhi. Kabla ibada haijaanza, Kiden alinivuta pembeni na kuniomba nimsaidie kupanga maneno. Alikuwa amesafiri kutoka hospitali anakofanya kazi ya ukunga, na ameandikishwa miongoni mwa watakaosema mbele ya watu. "Dada Rehema, wewe ulikuwepo," aliniambia. "Nataka kusema jinsi alivyoniokoa. Nikikosea mahali, unirekebishe." Nilimwambia sawa. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya magari, nikajifanya natafuta mtandao wa simu. Kiden alikuwa ameamini jambo moja kwa miaka kumi na saba, na jambo hilo halikuwa kweli. Mtu pekee aliyebaki duniani wa kumwambia nilikuwa mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ulianzia Mvara, mtaa wa mji wa Arua, katika chumba kirefu chenye kompyuta saba na madirisha mawili yasiyofunguka sawasawa, hata mchana wa jua kali tukawa tunafundishana huku tumelowa jasho. Kituo kilikuwa cha Hajati Zaitun, mfanyabiashara wa Arua ambaye hakujua hata kuwasha kompyuta, lakini alijua nani amechelewa kazini na nani amekula bila kunawa mikono. Fundi wake, na mwalimu wetu sote, alikuwa Candia. Alikaribia miaka hamsini, mrefu, mwenye sauti ya chini, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni. Alinifundisha kwa njia moja tu: aliharibu kompyuta makusudi, akaniambia nikae mbele yake. Mara amebadilisha tarehe, mara amelegeza waya, mara amehamisha faili mahali pasipo pake. "Usiniulize mimi," alisema, "uliza yenyewe." Halafu alitoka kwenda kunywa chai. Nikipata kosa hakunisifu. Alinisogezea tu chapati iliyobaki, nami nilijua nimefaulu. Leo nakaribia miaka arobaini, nimefundisha vijana wengi, na sijagundua njia nyingine iliyo bora. Wala sijampenda mwalimu mwingine kama nilivyompenda yule. Hilo nalisema mapema kwa sababu bila hilo niliyoyafanya baadaye hayataeleweka.

Mwezi wa nne Hajati alinituma Koboko, mji ulio kaskazini mwa Arua, kufungua tawi. "Wewe nenda," alisema. "Koboko iko watu mingi, kompyuta hapana." Chumba changu cha kazi kilikuwa nyuma ya soko: kompyuta mbili, mashine ya kuchapa, skana ya kuingizia picha za karatasi kwenye kompyuta, na modemu ndogo niliyoining'iniza dirishani kwa uzi, kwa sababu ndipo mahali pekee ilipopata mtandao. Jenereta ilikaa nje chini ya bati. Kati yangu na chumba cha pili, cha fundi cherehani aliyeitwa Mama Poni, palikuwa na ukuta wa ubao mwembamba tu. Mchana Mama Poni alipika maharagwe yenye ufuta uliosagwa, ambao kule huitwa simsim, akanigongea ubaoni, nikaenda kula kwake juu ya vipande vya vitambaa. Kupitia ubao ule nilijua nani anaolewa, nani ameachwa, nani amenenepa tangu Idi. Mwanzoni nilikohoa ili wateja wake wajue nipo. Baadaye niliacha kukohoa.

Mwalimu alikuja kila baada ya Jumamosi mbili kukagua mashine. Ni yeye peke yake aliyekuwa na neno la siri la msimamizi, lile linaloruhusu mtu kubadilisha mambo ya ndani ya kompyuta. Mimi na wateja tulitumia akaunti ya kawaida. Sikuliona jambo hilo kuwa la ajabu. Ndivyo ilivyokuwa Arua pia.

Mwaka huohuo wafadhili fulani walitangaza nafasi moja kwa kila wilaya, ya msichana aliyemaliza sekondari kusomea ukunga Kampala, chakula na malazi juu yao. Maombi yalipelekwa kwa tovuti tu. Wasichana wa Koboko wakajaa kwangu, na mimi ndiye niliyewaonyesha mahali pa kubonyeza. Majina yalipobandikwa ukutani, wa kwanza alikuwa Kiden, wa Abuku, nje ya mji, binti mwembamba wa miaka kumi na tisa ambaye alikuwa akisoma kila sentensi mara mbili kabla ya kugusa kitufe. Wa pili, katika akiba, alikuwa Letaru, msichana mcheshi wa hapo hapo mjini. Sharti lilikuwa jepesi kulisema: wa kwanza athibitishe nafasi yake kwenye tovuti na kutuma nakala ya barua yake ya kuchaguliwa kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Asipothibitisha, nafasi inakwenda kwa wa akiba.

Jumamosi iliyotangulia Ijumaa hiyo, Mwalimu alikuja. Mara zote tulikula pamoja kwa Mama Poni, na siku hiyo Mama Poni alikuwa amemwekea samaki. Lakini ilipofika saa saba Mwalimu aliniambia, "Nenda kula. Mimi nitamaliza hapa." Niliporudi alikuwa amesimama, mkoba begani. "Kulikuwa na virusi," alisema. Akaondoka bila kula. Mama Poni alinung'unika juu ya samaki wake mpaka jioni, nami nilifikiri Mwalimu anaumwa.

Jumatano Kiden alikuja na Afande Taban, baba yake mdogo, mwanajeshi mstaafu ambaye alivaa koti lake zito hata kwenye joto. Afande ndiye aliyemlea. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni kama mtu anayelinda kituo. Niliandika anwani ya tovuti, nikasubiri. Ukurasa haukufunguka. Nikaandika tena. Kompyuta ya pili, vivyo hivyo. Nilijaribu tovuti za habari, zikafunguka. Nikajaribu ile ya barua pepe ya Kiden, ikakataa. Nikampigia Mwalimu simu Arua.

"Netiweki," alisema. "Mvua imekuwa nyingi. Ngojea."

"Tovuti zingine zinafunguka, Mwalimu."

"Ngojea tu, Rehema. Hiyo kitu itarudi."

Tulingoja mpaka nilipofunga. Mvua ya Jumatano hiyo ilikuwa kubwa kweli, na asubuhi ya Alhamisi tukasikia kwamba kalvati moja kwenye barabara ya Arua limesombwa. Magari yalikuwa yanageuza. Pikipiki tu ndizo zilizoweza kusukumwa kuvuka, watu wakizibeba kwenye tope. Niliposema labda mimi na Kiden twende Arua kwa boda tutafute kompyuta nyingine, Afande aliinuka kwenye kiti chake.

"Mtoto yangu hapana vuka maji ile," alisema. "Halafu kazi ya wewe iko nini hapa? Mimi nauliza. Jana ulisema ngojea. Leo unasema Arua. Nani amekupa kitu kidogo, ufunge hiyo mlango?"

"Baba," Kiden alimwambia taratibu.

"Wacha niulize! Mutu anakaa mbele ya mashine siku mbili anangalia tu. Ama hajui kazi, ama anajua sana."

 Kiden aliketi mbele ya skrini, mikono kati ya magoti, barua yake ndani ya bahasha ya plastiki ili isilowe. Kila baada ya muda mfupi alinitazama, na macho yale yalinitesa kuliko maneno ya Afande, kwa sababu bado yalikuwa na imani. Alikuwa hajala. Mama Poni alituletea uji, ukaganda utando juu ya meza bila mtu kuugusa. Mchana ule nilitoa simu yangu, kidude chenye skrini ya ukubwa wa kiberiti, nikaandika anwani ya tovuti herufi kwa herufi. Ikafunguka. Herufi zilikuwa ndogo, picha hazikuonekana, na hapakuwa na njia ya kutuma barua kwa simu kama ile, lakini tovuti ilikuwa hai. Netiweki ilikuwa ileile ya kampuni ileile. Basi shida haikuwa mvua. Shida ilikuwa ndani ya chumba changu.

Nilikuwa bado nimeshika simu, Afande amemtoa Kiden nje kidogo apate hewa, niliposikia kicheko nyuma ya ubao. Kilikuwa cha Letaru. Mama Poni alikuwa akimpima.

"Gauni ya nini sasa, wewe?" Mama Poni alimuuliza.

"Ya kwenda nayo Kampala."

"Kampala? Si wewe uko namba mbili?"

"Mjomba yangu amesema nitaenda. Amesema nijitayarishe tu."

"Mjomba gani huyo mwenye kugawa Kampala?"

"Yule wa Arua. Mwalimu wa kompyuta. Huyo huwa anakuja hapa kula samaki yako."

Mama Poni akacheka, naye Letaru akacheka, nikasikia kanda ya kupimia ikivutwa kiunoni. Mimi nilibaki nimekaa. Sikuwahi kujua kwamba Letaru ni mtoto wa dada yake Mwalimu. Hakuwahi kuniambia, na msichana mwenyewe alipokuja kuandika maombi yake hakusema. Nilijiambia kwamba mjomba yeyote humpa mtoto moyo. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Afande na Kiden waliporudi kwa mtu wao wa mjini walikofikia, nilifunga mlango, nikasimama mbele ya kompyuta iliyozimwa, nikatambua kwamba naogopa kuiwasha.

Ijumaa nilifika kabla ya soko kuamka. Nilikumbuka alivyonifundisha: uliza yenyewe. Niliiuliza kompyuta kwa amri fupi tuliyozoea kuitumia Mvara: tovuti hii inakaa wapi? Kila tovuti ina namba zake, kama nyumba inavyokuwa na mahali pake, na kompyuta huzitafuta namba hizo nje, kwenye mtandao. Ile yangu haikutoka nje kabisa. Ilinijibu papo hapo: 127.0.0.1. Namba hiyo ni ya kompyuta yenyewe. Yaani mtu anaomba kwenda Kampala, dereva anazunguka nyumba na kumshusha mlangoni pake.

Kuna faili moja ndogo, inaitwa hosts, ambayo kompyuta huisoma kabla ya kuuliza mtandao. Ukiandika humo jina la tovuti na namba ya uongo, kompyuta itakuamini wewe. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewahi kunionyesha, Mvara, alipotaka kuwazuia wanafunzi wasipoteze saa za masomo kwenye michezo. Niliifungua. Juu kulikuwa na maelezo ya kawaida, kisha patupu. Nilikaribia kuifunga. Lakini niliona kijiti cha pembeni mwa skrini, kile cha kushushia ukurasa, ni kifupi mno kwa faili yenye mistari michache. Nikashuka. Nikashuka tena, patupu juu ya patupu, mtu amebonyeza kitufe cha mstari mpya mara mia au zaidi ili asionekane. Chini kabisa ilikuwepo mistari mitatu: tovuti ya wafadhili, tovuti ya pili ya wafadhili haohao, na ile ya barua pepe ya Kiden, ili hata kwa njia hiyo asiwafikie. Mbele ya kila moja, 127.0.0.1. Nikatazama tarehe ya faili. Jumamosi, saa saba na dakika ishirini mchana. Saa ambayo mimi nilikuwa nakula sehemu yangu ya samaki.

Niliifuta mistari ile mara moja, nikabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikakataa: huna ruhusa. Nikajaribu kuiita faili jina lingine. Huna ruhusa. Kompyuta ya pili ilikuwa na mistari ileile, mahali palepale, na jibu lilelile. Ilikuwa imetimia saa nne asubuhi. Kiden na Afande walikuwa tayari wamefika, wamekaa nyuma yangu, wala hawakujua wanachokitazama. Nikatoka nje, nikasimama karibu na jenereta ili kelele zake zinifiche, nikapiga.

"Mwalimu. Nimeiuliza yenyewe."

 Nilisikia sauti za wanafunzi wa Mvara nyuma yake, na mtu akiburuta kiti.

"Umeona nini?"

"Mistari mitatu. Ya Jumamosi."

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi tu. Nipe neno la siri, Mwalimu. Nitaifuta mimi, itakwisha. Msichana yuko hapa."

"Neno la siri halitolewi kwa simu," alisema, kwa sauti ileile aliyotumia darasani, kana kwamba jambo kubwa siku hiyo lilikuwa kanuni. Kisha simu ikakatika. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Hapo ndipo yalipoanza masaa ambayo mpaka leo sijui kuyasimulia vizuri. Sikujua kama amekata kwa sababu anakuja, au kwa sababu ameamua kungoja saa kumi na moja ipite. Ningeweza kumpigia Hajati. Namba yake niliifungua mara tatu. Lakini Hajati hakuwa na neno la siri. Angemfukuza Mwalimu siku hiyohiyo, na faili ingebaki imefungwa. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Ukweli mwingine ni kwamba sikuweza kuyatamka. Niliingia ndani nikawaambia, "Mwalimu anakuja kutoka Arua." Nilisema uongo ambao niliomba Mungu augeuze kuwa kweli.

"Na barabara imekufa?" Afande aliuliza.

"Atakuja kwa pikipiki."

Saa sita nilichapa barua za watu wengine, nikakosea moja mara nne. Saa saba nilikwenda kuswali, nikasahau nimefika rakaa ya ngapi. Mama Poni aligonga ubao, sikwenda. Saa nane mvua ilianza tena, nyepesi, ya kukera. Afande alisimama mlangoni, akarudi, akasimama tena. Kiden alitoa barua yake kwenye plastiki, akaisoma, akairudisha. "Dada," aliniuliza, "kama haifunguki, wataamini kwamba nilijaribu?" Nilimwambia wataamini. Huo ulikuwa uongo wa pili, na nilijua. Saa tisa Letaru alipita nje amejifunika mwavuli, akatuchungulia na kutusalimia kwa furaha, "Mmeamkaje hapo!" ingawa ilikuwa alasiri. Hakuna aliyemjibu ila Kiden.

Mwalimu alifika saa tisa na nusu ikiwa imepita kidogo. Tope lilimfika juu ya magoti, kiatu kimoja hakikuwa na kamba, na kifungo cha shingoni kilikuwa wazi; ndiyo mara ya kwanza niliona koo lake. Hakunitazama. Alimsalimu Afande, akaomba kitambaa, akafuta mikono kidole kwa kidole, akakaa kwenye kiti changu. Aliandika neno la siri huku bega lake limenizuia nisione. Akafungua faili, akashuka, akashuka, akafuta mistari mitatu, akahifadhi. Kazi yote haikufika dakika mbili. Kisha akaandika anwani, na ukurasa wa wafadhili ukajichora polepole, kwanza rangi ya buluu juu, halafu maneno.

Hatukuwa tumemaliza. Barua ilibidi ipite kwenye skana, na modemu ile ilituma kitu kama mtu anayemimina asali. Ilifika nusu, ikakatika. Mwalimu alitoka nje, akaishika modemu kwa mkono wake nje ya dirisha kwenye manyunyu, akaiinua juu. "Anza tena," aliniambia kupitia dirishani. Ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu afike. Nilianza tena. Kiden alikuwa amefumba macho. Saa kumi na dakika thelathini na nane maandishi yalitokea kwamba uthibitisho umepokelewa, nikayasoma kwa sauti, nikayasoma tena.

Afande Taban alimkumbatia Mwalimu na tope lake lote. "Huyu ndiyo mutu!" alipaza sauti, hata watu wa sokoni wakaja mlangoni. "Ametoka Arua na mvua, amevuka maji, amefungua kwa dakika mbili! Na huyu binti siku tatu anakaa hapa, kazi hajui!" Kiden alipiga magoti kumshukuru Mwalimu kama anavyoshukuriwa mzazi. Mimi nilisimama kando ya mashine ya kuchapa, nikingoja aseme. Hata neno moja tu: huyu ndiye aliyegundua. Mwalimu alikuwa akifunga mkoba wake. Alifunga kamba moja, akafunga ya pili, akainua kichwa na kumwambia Afande, "Mungu amesaidia." Basi.

Walipoondoka tulibaki wawili. Alikaa, akanieleza bila mimi kumuuliza. Dada yake alikuwa amelala kitandani mwaka wa pili, na yeye alikuwa amemwahidi kwamba Letaru atasoma. "Nilifikiri ni siku tatu tu," alisema. "Hakuna mtu atapigwa, hakuna kitu kitavunjika. Mistari mitatu. Nimeandika haraka kuliko nilivyoandika barua yoyote." Akakung'uta tope gotini. "Pale kwenye kalvati nilisimama nusu saa. Vijana walitaka kunivusha, nikawaambia bado. Ningeweza kurudi nyumbani. Ningesema maji yalinishinda, na kila mtu angeamini."

"Kwa nini hukurudi?"

"Sijui, Rehema. Usinifanye niwe mtu mzuri." Kisha akauliza, "Utamwambia Hajati?"

Nilisema hapana. Nilisema haraka mno, kama mtu anayerudisha kitu kilichoanguka.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ilikuwa mizito. Afande aliusimulia mji mzima, na hadithi yake ilikuwa tamu: mwalimu wa Arua aliyevuka maji, na binti wa Hajati asiyejua kazi. Wateja walipungua. Hajati alikuja mwenyewe, akanikalisha chini, akaniambia nimemwaibisha. Mwalimu alikuwepo, akasema, "Rehema ni fundi kuliko mimi," na Hajati akadhani ni upole wake. Mwalimu hakumla tena samaki wa Mama Poni. Mwezi wa kumi na mbili aliacha kazi, akasema macho yamechoka, akarudi Aroi kulima. Alimwambia Hajati anipe mimi nafasi yake, naye akanipa. Nilirudi Mvara nikiwa mkuu wa chumba kile kirefu, na kila nilipokaa kwenye kiti chake nilijiuliza kama nimepewa kwa sababu najua kazi au kwa sababu najua kunyamaza. Kiden alisoma, akamaliza. Siku ya mahafali yake Mwalimu alialikwa, yumo kwenye picha, katikati. Afande alimpelekea simsim kutoka Abuku kila mavuno mpaka Afande mwenyewe alipofariki. Sijui kama Mwalimu aliila. Hatukuzungumza tena juu ya siku ile, ingawa nilimtembelea mara nyingi na tulikula pamoja.

Nyuma ya yale magari, Aroi, nilisikia mwongoza ibada akianza kusoma majina ya watakaosema. Nikamfuata Kiden, nikamshika mkono, nikamweleza yote. Sikupamba. Alisikiliza kama alivyokuwa akisoma zamani, kila sentensi mara mbili.

"Kwa hiyo ni yeye aliyefunga."

"Ni yeye. Na ni yeye aliyefungua."

"Na wewe ulijua."

"Tangu asubuhi ile."

"Baba mdogo amekufa anakuita binti asiyejua kazi, Dada. Mimi nimepiga magoti." Sauti yake haikupanda, na hilo lilinitisha. "Ulikuwa unamficha nani miaka yote hii?"

"Mwanzo, yeye," nilisema. "Baadaye, nilipopewa kazi yake, nilijificha mimi."

Jina lake liliitwa. Nilidhani atakwenda kwenye gari lake. Alikwenda mbele, akapokea maikrofoni. "Jina langu ni Kiden, natoka Abuku," alisema. "Siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi yangu ya masomo, barabara ilikuwa imekatika. Mwalimu alipanda pikipiki kutoka Arua. Alifika mahali ambapo angeweza kurudi, hakurudi. Aliyemwita ni Rehema, yule pale nyuma, na alikuwa anajua kazi." Watu walingoja aendelee, maana kwetu msiba una maneno marefu. Mwongoza ibada akamuuliza kama amemaliza. "Nimemaliza," alisema.

Hakurudi kukaa karibu nami. Alivuka uwanja moja kwa moja mpaka jikoni kwa waombolezaji, ambako Letaru, aliyekuwa wa pili mwaka ule na sasa mama wa watoto wanne, alikuwa peke yake kwenye sufuria kubwa, anasonga ugali wa muhogo kwa ajili ya msiba wa mjomba wake. Kiden alivua saa yake ya mkononi, akakunja mikono ya gauni, akaokota mwiko wa pili. Letaru alimtazama, akatabasamu, na bila kujua lolote akasogea kumpa nafasi.